Trekta Ndogo kwa Shamba la Mlimani: Jinsi ya Kuichagua

Katika miaka hii trekta ndogo zimeanza kuonekana hata katika nchi za milima, huko Usambara, Upare, Uluguru na katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako zamani mtu hakuona chombo kingine cha kulimia ila jembe la mkono. Wako wakulima ambao wamekwisha kuweka akiba, wengine wameungana katika chama, nao wanauliza: Je, tununue trekta ya namna gani? Swali hili ni jema, nasi twapenda kulijibu kwa kirefu, maana kosa katika jambo hili si kosa la fedha peke yake. Trekta isiyofaa katika bonde la mpunga humtia mwenyewe hasara. Trekta isiyofaa mlimani humwua dereva wake.

Mwenye duka akikuona unaingia mlangoni hukuuliza mara moja: Wataka nguvu za farasi ngapi? Usimjibu. Swali hilo ni la tatu au la nne. La kwanza ni ardhi yako imekaaje, nalo hujibiwa shambani, si dukani. Watu wa Tanganyika waliwahi kuona ubaya wa kutanguliza mashine mbele ya ardhi, katika ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Trekta zililetwa kwa wingi mpaka Kongwa kabla udongo wa mahali hapo haujajulikana vema, na wakati wa kiangazi udongo ule ukawa mgumu, ukaharibu majembe. Kongwa ni nchi tambarare. Basi mtu wa mlimani, ambaye ardhi yake ina hila nyingi zaidi, hana budi kuanza na kipimo.

Kupima mteremko si kazi ya wapimaji wenye vyeti tu. Twaa fito ulionyooka wenye urefu wa mita moja kamili, na pima maji ya fundi mwashi, na rula. Weka ncha moja ya fito juu ya udongo upande wa mlima, inua ncha ya pili mpaka pima maji ionyeshe kwamba fito umelala sawasawa, kisha pima kutoka ncha hiyo iliyo hewani mpaka chini. Ukipata sentimita 20, mwinamo wa mahali hapo ni 20 kwa 100. Ukipata sentimita 27, hiyo ni digrii 15. Ukipata 58, ni digrii 30. Watu wengi hudhani kwamba 100 kwa 100 ni ukuta uliosimama wima. Sivyo, hiyo ni digrii 45 tu. Pima mahali pengi, wala usichague mahali pazuri, kisha andika hesabu zote katika daftari pamoja na picha ya shamba. Walimu wanaotusoma wataona kwamba hili ni somo jema la hesabu kwa watoto wa madarasa ya juu, tena kijiji chaweza kupimwa chote kwa wiki chache.

Sisi twashika kanuni hii: mahali palipo chini ya 15 kwa 100, trekta ndogo hufanya kazi kwa uangalifu wa kawaida. Kati ya 15 na 25 yataka mashine fupi ya kimo, yenye miguu iliyotanuka, na dereva aliyefundishwa. Zaidi ya 25, trekta isipite kabisa kwa kukata mteremko, isipokuwa pamekatwa ngazi zilizo tambarare za kuipitisha. Iko miteremko isiyotaka trekta hata kidogo. Wamatengo wa Mbinga hulima milima mikali sana kwa mashimo yao yaitwayo ngolo, ambayo huzuia maji na kuyanywesha ardhini; mtu akipeleka trekta mle atavunja kwa siku moja kazi iliyohifadhi udongo kwa vizazi vingi.

Baada ya mwinamo hufuata upana. Pima njia ya kutoka barabarani mpaka shambani, pima daraja la magogo, pima lango, pima nafasi kati ya mistari ya mimea, na zaidi ya yote pima mahali pa kugeuzia mwishoni mwa shamba. Katika mashamba ya zamani ya kahawa mibuni ilipandwa kwa futi 9 kwa 9, yaani mita 2.74, lakini matawi yakiisha kutanda, nafasi iliyobaki katikati aghalabu ni kama nusu ya hiyo. Mibuni ya aina fupi, kama Ruiru 11 iliyotolewa Kenya mwaka 1985, hupandwa kwa mita 2 kwa 2, na nafasi ni ndogo zaidi. Kwa hiyo mtu husema: basi na ninunue trekta nyembamba kupita zote. Katika kihamba cha Kilimanjaro, ambamo migomba, mibuni na miti mikubwa imechanganyika bila mistari, hata nyembamba kupita zote haiingii, na mwenye kihamba afadhali atumie fedha zake kwa jambo jingine.

Hapa ndipo penye fumbo la shauri hili lote. Wembamba ule unaoipitisha trekta kati ya mimea ndio huo huo unaoiangusha. Kila chombo kina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wake wote ni kana kwamba umekusanyika. Chombo husimama maadamu mstari ushukao wima kutoka kitovu hicho unaanguka kati ya miguu yake. Ukipita nje ya miguu, chombo hupinduka, wala hakuna ustadi wa dereva utakaokizuia.

Tufanye hesabu. Tuseme trekta ya kwanza ina sentimita 120 kutoka katikati ya tairi ya nyuma ya kushoto mpaka katikati ya ile ya kulia, na kitovu chake cha uzito ki sentimita 60 juu ya ardhi. Nusu ya 120 ni 60. Gawa kwa 60, ni moja kamili. Trekta hiyo ikisimama tuli hupinduka kwa digrii 45. Trekta ya pili ina kimo kile kile, lakini kati ya tairi zake ni sentimita 80 tu. Nusu yake ni 40. Gawa kwa 60. Hiyo hupinduka kabla ya kufika digrii 34. Mtu atasema: shamba langu ni digrii 15 tu, nina nafasi kubwa. Ngoja kwanza. Tairi ya upande wa juu ikapanda jiwe la sentimita 20, na wakati ule ule tairi ya upande wa chini ikaingia katika shimo la fuko la sentimita 8. Tofauti ni sentimita 28. Kwa trekta nyembamba hizo ni digrii 19 na zaidi. Ziongeze juu ya 15 za mteremko, umepita 34, na trekta iko chini. Kwa trekta pana jiwe lile na shimo lile huongeza digrii 13 tu, na dereva huenda zake nyumbani.

Tena hesabu hiyo ni ya upole mno, kwa sababu mbili. Kwanza, trekta haisimami tuli. Mwendo humwongezea mtu msukosuko, na kukata kona kwa haraka ukielekea juu huisukuma trekta upande wa chini. Pili, watu huhesabu magurudumu manne wakadhani wana meza ya miguu minne. Katika trekta nyingi ekseli ya mbele imefungwa kwa pini moja katikati, ipate kucheza juu na chini kufuata ardhi. Kwa hiyo trekta husimama kama kigoda cha miguu mitatu: magurudumu mawili ya nyuma, na ile pini ya mbele. Kila mtu aliyekalia kigoda cha namna hiyo ajua kwamba huangukia pembeni, kati ya mguu na mguu, upesi kuliko alivyotazamia.

Je, hakuna dawa? Iko. Kwanza, usitafute iliyo nyembamba kupita zote. Tafuta iliyo pana kupita zote zinazoweza kupita shambani mwako. Tofauti ya maneno ni ndogo, tofauti ya nguvu zake ni kubwa. Pili, angalia kama rimu za nyuma zaweza kugeuzwa ndani nje ili kuongeza upana. Mashine nyingi zimetengenezwa hivyo, na fundi aweza kuzigeuza kwa nusu siku. Mwenye shamba la mahindi na viazi apanue, mwenye mibuni apunguze. Tatu, tairi za nyuma huweza kutiwa maji mpaka robo tatu yake. Maji hayo hukaa chini ya kitovu cha uzito, nayo hukivuta chini. Ulaya huchanganya maji na dawa yasigande kwa baridi. Kwetu maji matupu yatosha. Nne, ndoo ya mbele, kama trekta inayo, ibebwe karibu na ardhi. Twaona vijana wakipita na ndoo imeinuliwa juu kama mwenge, imejaa mchanga, nao wanacheka. Hawajui walichokibeba.

Sasa liko jambo linalowatatiza hata mabwana shamba. Udongo wataka ulimwe kwa kukingama mteremko, ili kila mfuo uwe ukuta mdogo wa kuzuia maji. Ukilima kutoka juu kwenda chini, kila mfuo huwa mfereji, na mvua ya masika hupeleka rutuba yako kwa jirani aliye bondeni. Lakini trekta wataka kinyume: kwenda juu na chini haipinduki pembeni, na kukingama ndiyo hatari yake. Udongo na mashine havipatani. Jibu si kumchagua mmoja na kumtupa mwenzake. Jibu ni kuugeuza mteremko uwe ngazi. Kwa njia ya fanya juu, inayojulikana sana Ukambani, mtu huchimba mtaro unaokingama na kuutupa udongo upande wa juu, kisha hupanda majani juu ya tuta. Mwaka hata mwaka udongo hujikusanya nyuma ya tuta mpaka pakawa karibu na tambarare. Usambara majani ya guatemala na mabingobingo hufanya kazi hiyo vema, tena ng'ombe hupata chakula. Twajua kwamba neno matuta halikupendwa huko Mlalo katika mpango ulioanza mwaka 1946, kwa kuwa watu walilazimishwa kazi nzito ambayo hawakuiona faida yake. Lakini mwenye kununua trekta ana sababu yake mwenyewe. Apime ngazi zake kabla ya kununua: ngazi yenye upana wa mita 2 haifai kwa trekta yenye upana wa mita 1.4, maana gurudumu la nje litapita juu ya ukingo laini, na ukingo ukimeguka hakuna hesabu tena. Iachwe nafasi ya mita nzima kutoka ukingoni.

Kupinduka pembeni si kifo cha pekee cha trekta. Iko njia ya pili, ya kuinuka mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma. Zamani jembe lilifungwa nyuma ya trekta kwa mnyororo. Jembe likinaswa na kisiki, magurudumu ya nyuma yakaendelea kushika ardhi, basi mwili wa trekta ulijizungusha juu ya ekseli yake, na kichwa kikainuka. Fordson ya mwaka 1917 ilikuwa na sifa mbaya kwa jambo hilo. Mtu aliyeleta dawa ni Harry Ferguson wa Ireland, aliyelifunga jembe kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, hata jembe likinaswa nguvu zake husukuma magurudumu ya mbele chini badala ya kuyainua. Trekta yake ya kwanza iliyouzwa kwa wingi kidogo ilitoka mwaka 1936, na ile ndogo ya kijivu iliyoanza kutengenezwa Coventry mwaka 1946 ilifikia zaidi ya 500,000 kabla ya kukoma mwaka 1956. Baadaye zilitolewa hata aina nyembamba kwa mashamba ya mizabibu. Leo karibu trekta zote zina mikono hiyo mitatu. Lakini dawa hiyo hufanya kazi kwa mwenye kuifuata tu. Anayefunga gogo kwenye mkono wa juu, au kuzungushia mnyororo juu ya ekseli, amemrudisha yule shetani wa 1917. Mzigo wa kukokota ufungwe chini, kwenye chuma kilichowekwa kwa kazi hiyo, wala si penginepo. Na mahali pakali sana trekta ipande kinyumenyume, ishuke kwa uso, ili upande mzito uwe juu ya mlima siku zote.

Kinyang'anyiro cha kifo hakina muda. Trekta ikianza kuinuka, hufikia mahali pasiporudika kabla sekunde moja haijaisha, na hakuna mtu awezaye kuruka kwa muda huo. Kwa ajili hiyo zilibuniwa fremu za chuma zinazosimama nyuma ya kiti au kukizunguka, ambazo trekta ikipinduka huuzuia uzito usimfikie dereva. Nchi ya Sweden iliamuru mwaka 1959 kwamba kila trekta mpya iwe na fremu hiyo, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Fremu hufuatana na mkanda. Asiyefunga mkanda hutupwa nje, akaangukiwa na fremu ile ile iliyowekwa kumwokoa. Kwa mashamba ya miti ziko fremu zinazokunjwa ili zipite chini ya matawi. Fremu ikikunjwa, mkanda ufunguliwe, na ikisha kupita miti, isimamishwe tena na mkanda ufungwe. Trekta nyingi ndogo zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani hazina fremu kabisa, kwa kuwa zilifanya kazi katika majaruba ya mpunga. Usiipeleke trekta ya namna hiyo mlimani mpaka fundi mwenye kujua vipimo amekufungia fremu iliyotengenezwa kwa aina hiyo hiyo. Mabomba ya maji yaliyochomelewa na fundi wa madirisha si fremu, ni mapambo.

Sasa tumefika kwenye nguvu za farasi. Kwa shamba la ekari mbili tatu mlimani, injini ya nguvu 15 mpaka 30 yatosha kwa kulima kwa jembe la kuzunguka, kukokota tela dogo, na kupiga dawa. Lakini kumbuka kwamba injini hupumua kama mtu. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja katika mia kwa kila mita 100 za kupanda. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kwa hiyo injini iliyoandikwa 20 huko juu ni kama 17 au 18. Basi ongeza kidogo, wala usiongeze sana, maana nguvu huja pamoja na uzito, na trekta nzito juu ya udongo mwekundu uliolowa huukandamiza hata mizizi isipite.

Magurudumu manne ya kuvuta twayaona kuwa ya lazima mlimani, na sababu yake kubwa si kupanda, bali kushuka. Trekta nyingi ndogo zina breki katika magurudumu ya nyuma tu. Ukishuka na mzigo, nyuma huwa nyepesi, magurudumu hayo huteleza, na breki haina kazi. Ukiwa umeunganisha mbele na nyuma, magurudumu ya mbele nayo hushikwa na injini. Tena breki za trekta zimegawanyika, kanyagio la kushoto na la kulia, kwa ajili ya kugeuka shambani. Barabarani na mteremkoni yafungwe pamoja kwa kile chuma chake, la sivyo mguu ukikanyaga moja tu, trekta hujigeuza njiani. Wala mtu asishuke mlima gia ikiwa huru au klachi imekanyagwa, ati kwa kubania dizeli. Chagua gia nzito kabla ya kuanza kushuka, usiguse mpaka umefika chini.

Kuhusu gia zenyewe, ziko trekta zinazoendeshwa kwa mafuta yenye mgandamizo, ambazo hutaka kanyagio moja tu la kwenda mbele na nyuma. Ni tamu kuendesha, tena mwanafunzi hujifunza siku moja. Lakini hula sehemu ya nguvu za injini, zataka mafuta safi sana na chujio lake la asili, na zikiharibika fundi wa kijijini hawezi kitu. Sisi twapendelea gia za kawaida, zenye mwendo wa pole kuliko mtu anayetembea.

Nyuma ya trekta uko mhimili unaozungushwa na injini, aghalabu mara 540 kwa dakika, wa kuendeshea pampu, mashine ya kukata majani na kadhalika. Mizunguko 540 kwa dakika ni tisa kila sekunde. Khanga, kaniki au kamba ya koti ikishikwa, mtu hana nafasi ya kupiga kelele. Shafti isinunuliwe bila ala yake ya plastiki, wala watu wasisimame karibu nayo wakati wa kazi, hasa mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Katika aina zinazouzwa, Waitaliano wana trekta za mizabibu ya mlimani zenye magurudumu manne yaliyo sawa, uzito mwingi mbele, na mwili mfupi. Nyingine hukunjika katikati zikageuka mahali padogo sana. Kwa mteremko hatujui umbo lililo bora, lakini bei yake ni kubwa na spea zake ni za kuagiza. Za Kijapani ni rahisi kupatikana na zinadumu. Ila zilizotumika huwa na maandishi ya Kijapani katika kila kitufe, basi mwenye kununua apate mtu wa kumfasiria, ayaandike upya kwa rangi. Kuhusu pawatila, zile za kushikwa kwa mikono zilizoletwa kwa wingi tangu Kilimo Kwanza cha mwaka 2009, zimewafaa watu wa majaruba ya Kyela na Mbarali. Mlimani hazikatazwi katika ngazi pana, na dereva wake yu miguuni, hawezi kufunikwa kwa urahisi. Lakini kuzifungia tela na kushuka nazo barabara ya mlima ni jambo la kuogopesha.

Wengine hununua trekta kama mtu anunuavyo kofia mpya, apate kutazamwa. Hao tuwape hesabu nyingine. Jembe la kuzunguka lenye upana wa mita 1.2, likienda kilomita 2 kwa saa, hulima mita za mraba 2,400 kwa saa. Ekari moja ni 4,047. Ukiongeza kugeuka, kurudia na kupumzika, sema saa 3 kwa ekari. Mwenye ekari 3 ana kazi ya saa 9 kwa vuli na saa 9 kwa masika. Katika mwaka mzima saa 18, na siku zote zilizobaki mashine imelala chini ya mti ikinyeshewa. Mashine iliyojengwa kufanya kazi maelfu ya saa haiwezi kulipa deni kwa saa 18. Kaya kumi zenye mashamba ya namna hiyo zikiungana, zina saa 180, na hapo shauri huanza kuwa na maana. Lakini chama cha trekta huvunjika kwa mambo matatu: madereva wengi, zamu bila daftari, na fedha za matengenezo zilizoliwa mapema. Achaguliwe dereva mmoja na msaidizi wake. Saa ya injini isomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, na daftari hilo likae kwa mwalimu au mtu mwingine asiye na shamba katika zamu. Kila saa ilipiwe, hata na mwenyekiti, mwenyekiti zaidi.

Ukiisha chagua aina, usiijaribu uani kwa mwenye duka, palipo na sakafu ya saruji. Sema wataka kuijaribu mlimani, na asiyekubali mwache. Iwashwe ikiwa baridi, maana injini iliyotangulizwa kupashwa moto kabla hujafika yaficha jambo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi usiokoma ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Panda nayo kwa gia ya kazi, uone kama klachi inateleza. Shuka nayo, uone kama gia inajichomoa yenyewe. Trekta yenye ugonjwa huo usiichukue hata kwa zawadi. Uliza chujio, ukanda na klachi zapatikana katika mji gani, kisha nenda mwenyewe katika mji huo ukaulize tena. Kituo cha CAMARTEC kilichoko Arusha hushughulika na zana za kilimo, na Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata aweza kukuandikia barua ya kukupeleka huko kabla hujalipa.

Ikiisha fika nyumbani, oili ya kwanza ya injini mpya aghalabu hubadilishwa baada ya saa 50, ingawa bado yaonekana safi; kitabu chake kitakuambia. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya saa chache za kwanza za kazi, na kila mara rimu zikigeuzwa kuongeza au kupunguza upana. Kazi hiyo ya kukaza ifanyike asubuhi, trekta ikiwa mahali tambarare, kabla dereva hajapanda kitini.